Dada Alipopita kwenye Kamba ya Nguo

Simu ya mezani ya nyumba yetu ilifariki zamani, ikakatiwa laini bila hotuba. Waya wake ukabaki umezikwa ukutani, kutoka sebuleni hadi chumba cha juu.

Siku hiyo dada alikuwa na usaili wa kazi kwa video, kazi aliyoisaka mpaka soli za viatu zikamkana. Sebuleni, penye modemu, cherehani ya mama ilinguruma na wateja walibishana juu ya mikono ya magauni. Juu palikuwa kimya, ila intaneti haikupanda. Kuta zetu ni nene kama vichwa vya walimu fulani ninaowaheshimu sana. Na baba alishakataza kutoboa.

Basi nikaleta visanduku viwili vinavyopitisha intaneti kwenye waya wa simu. Kimoja nikakiunga na modemu na kukichomeka kwenye tundu la simu sebuleni, kingine juu. Taa ya kijani ikawaka. Mfu alikuwa anapumua. Hata mimi, nisiyenyamaza kanisani, nikamwita dada kwa kunong'ona.

Usaili ukaanza. Nikatoka kuufuata waya, nijue muujiza unapita wapi. Kwenye ukumbi wa juu, mbele ya mlango wa dada, nikaukuta nje ya ukuta, umevutwa kutoka msumari hadi msumari, kisha ukarudi ndani. Bibi alikuwa ameuchomoa na kuufanya kamba ya kuanikia. Juu yake zilining'inia soksi za baba na, kwa heshima zote, gaguro la bibi mwenyewe, lile vazi la ndani ya gauni. Penye msumari wa pili, kiungo cha waya kilishikwa na nyuzi mbili nyembamba za shaba.

Na bibi huyo anakuja, amekumbatia blanketi bichi.

Nikamzuia. Nikamweleza kwamba dada yumo ndani ya waya. Bibi ananijua, hakupunguza hata hatua.

“Mume wangu, leo sina nafasi ya michezo yako.”

“Si mchezo, bibi. Ukilitundika hilo, kazi ya dada imekatika.”

Nadhani ni sauti yangu iliyomsimamisha, maana ilitetemeka. Akaweka sikio kati ya soksi.

“Simsikii.”

“Anapita kasi mno.”

Kupitia mlango tukamsikia dada akijibu maswali, na mabwana wa mji wa mbali waliomsaili wakicheka. Bibi akautazama ule waya kama anayeuona mara ya kwanza. Nikamletea beseni, akakataa kusogea asije akaugusa. Akasimama vilevile, maji yakimchuruzika mpaka miguuni.

Dada akatoka analia na kucheka. Amepata.

Bibi hakumpongeza kwanza. Aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama wale mabwana wameliona gaguro.