Msinipokee

Kutoka kisimani hadi mlangoni kwa Dorika ni hatua mia mbili na kumi. Alikuwa amezihesabu zaidi ya mara moja, kila mara kwa hasira. Asubuhi hiyo alifika hatua ya arobaini, ndoo kichwani, shingo imenyooka, ndipo Damari, binti wa jirani, akatokea mbele yake na kupiga goti. Shikamoo bibi, akasema, na kabla marahaba haijatoka vizuri kinywani ndoo ilikuwa imeshahamia kichwani kwa binti. Dorika akabaki na kata ya majani utosini na mikono mitupu, akimfuata mtoto wa watu nyuma kama mgeni anayeonyeshwa njia ya kwenda kwake mwenyewe.

Damari hakuwa na kosa. Kumpokea mzee mzigo ni adabu, na adabu hiyo Dorika mwenyewe aliifundisha wanawe wanne kwa maneno na kwa fimbo. Lakini zamani ulipokewa mzigo ukiwa umetoka mbali, ukakaribia nyumbani, na wewe ukakubali kwa kuwa ulikuwa umechoka kweli. Hapa kijijini walikupokea kabla hujabeba. Walikupokea jembe, walikupokea kinu, walikupokea mbuzi, na aliyemwacha mzee na mzigo aliitwa ofisini akapewa adhabu ya kufyatua matofali.

Amri hiyo ilikuwa ya mwenyekiti wa kijiji, Laurian, na Laurian alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Ndiyo sababu hasira ya Dorika haikupata pa kutokea. Mtu baki ungemtukana ukamaliza.

Walihamishwa mwezi wa Septemba, mwaka wa sabini na nne, wakaletwa kwa lori hapa karibu na Mungaa, nyumba zikapangwa kwa mistari. Kuhama Dorika alikumeza. Kuliuma, lakini majirani walikuwa karibu, zahanati ilikuwa karibu, na wajukuu walikwenda shule bila kuvuka mbuga. Hakuwa mtu wa kulaani kila kipya. Jambo lililomkaa kooni lilikuja wiki ya tatu, mkutanoni, Laurian aliposimama na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo wazee wote wa kijiji wamemaliza kazi. Majembe yao yapelekwe ghalani yasaidie shamba la kijiji. Mbuzi wao watachungwa na vijana kwa zamu. Wao watajengewa banda zuri lenye mabenchi pembeni mwa ofisi, wapate kivuli, wapate uji saa nne, wapumzike. Watu walipiga makofi. Dorika naye alipiga, Mungu amsamehe.

Banda likajengwa kwa siku nne. Wazee kumi na mmoja wakaingia, mumewe Gaspari akiwemo; Dorika akabaki kuangalia nyumba.

Sasa huyo Gaspari, mtu asimsikie tu. Kule walikohama, alikuwa akiamka kabla ya jogoo wa pili, akinywa maziwa ya mgando, akishika fimbo yake na kuondoka na mbuzi hadi kwenye ardhi ya chumvi kule mbugani, akirudi jua likizama. Alifanya hivyo tangu ujana wake mpaka mvi zikamfika kwenye nyusi. Alijua kila mbuzi kwa ukoo wake. Alikuwa mkali, mbishi, mwepesi wa kugombana na yeyote aliyepitisha mifugo yake bila taratibu, na akirudi jioni alikula ugali wa uwele na mlenda mpaka Dorika akamtania kwamba ana tumbo la pili mgongoni. Dorika naye alilima, alisaga kwenye jiwe, alipanda kilima kufuata kuni. Hawakujua kama hiyo ni afya. Waliiita siku.

Kwenye benchi Gaspari alinyamaza. Kwanza aliacha kubishana, na watu wakasema amepata hekima. Kisha aliacha kumaliza uji, ule uji wa unga wa njano wa msaada. Kisha miguu ikaanza kuvimba vifundoni. Miezi miwili iliyopita aliacha kusema kabisa, akawa anakaa kichwa amekiinua, anatazama paa la banda kuanzia asubuhi mpaka Dorika aje kumchukua. Wenzake walisema akili imeanza kumtoka. Mganga wa zahanati, kijana mpole, alimpima akasema hana ugonjwa wowote ila uzee.

Uzee. Mathayo naye alikufa kwa uzee wakati wa Kwaresma, yeye aliyekuwa akipanda mti kurina asali mpaka mwezi ule walipohama. Lea akafuata baada ya Pasaka. Kisha wawili wengine, wiki moja. Watu kumi na mmoja waliingia kwenye lile banda na sasa walikuwa saba, na kila mazishi Laurian alisimama kaburini akasema siku zao zilitimia. Dorika aliwajua wote tangu usichana. Kwa maoni yake, siku zao hazikutimia. Zilisukumwa.

Alipofika nyumbani asubuhi hiyo akamwambia Damari asante, akaitua ile ndoo, na hakuingia ndani. Akaenda moja kwa moja ofisini.

Laurian alisimama kumpokea, akamvutia kiti, akamwamkia kama mwanaye. Dorika hakukaa. Akamwambia kwamba anataka mbuzi wake kumi na wawili watolewe kwenye kundi la zamu, Gaspari awachunge mwenyewe, kuanzia leo.

Laurian akamjibu kwa upole, na upole wake ulizidi kumchoma. Akasema baba mdogo hawezi kutembea hata hadi ofisini bila kushikwa. Akasema mwezi ujao wageni wanakuja kuona banda, kijiji cha kwanza kuwatunza wazee namna hii. Kisha akasema jambo ambalo Dorika alilijua zamani, kwa kuwa maiti ya shemeji yake huyo alisaidia kuiosha. Baba yake Laurian alibebeshwa masanduku ya bwana shauri wa kikoloni kutoka Singida hadi Mkalama, safari baada ya safari, mpaka mgongo ukapinda. Akafa hajafika miaka arobaini, na mtoto wake amesimama mlangoni anatazama.

"Niliapa siku ile, mama mdogo," Laurian akasema. "Nikipata nguvu yoyote hapa duniani, mzee wa kwetu hatabeba tena."

"Baba yako aliuawa na mzigo wa mtu mwingine," Dorika akasema. "Wewe unatuua kwa kutunyang'anya wa kwetu."

Laurian akainamisha kichwa, akasema yeye mama mdogo amechoka, aende akapumzike. Neno hilo lilimtoa Dorika mlangoni bila kuaga.

Akaenda bandani. Gaspari alikuwa kwenye benchi la mwisho, kichwa juu, mdomo wazi kidogo. Pembeni yake alikaa Melkizedeki, rafiki yake wa tangu walipotahiriwa, kikombe cha uji kimepoa mkononi. Dorika akajibana kati yao. Hasira ilikuwa imempanda, na kwa kuwa hakutaka wazee wale waone machozi, naye akainua kichwa akatazama kule mume wake alikokuwa akitazama.

Akaona majani ya paa. Chini ya majani akaona fito. Na kati ya fito akaona mti wa mkole uliong'aa kwa kushikwa, mweusi sehemu ya mkono, wenye mikato minne ya moto karibu na kichwa, mmoja kwa kila mtoto waliyemzaa.

Ilikuwa fimbo ya Gaspari.

Akatazama vizuri. Fimbo ya Melkizedeki ilikuwa hatua moja pembeni, ile yenye kichwa cha mviringo. Ya marehemu Mathayo ilikuwa pale juu ya mlango. Zilikuwa kumi au zaidi, zimefungwa kwa kamba za magome, zimebeba majani. Vijana waliojenga walipungukiwa fito, wakachukua fimbo za wazee, kwa kuwa hazina kazi tena. Kwa mwaka mzima mume wake aliwekwa chini ya fimbo yake mwenyewe akaambiwa apumzike. Na watu wakasema akili imemtoka, hali yeye ndiye aliyekuwa anaona peke yake.

Dorika akavua kandambili, akapanda juu ya benchi. Wazee wakamtazama. Akashika fimbo kwa mikono miwili akavuta, kamba ikagoma, akavuta tena kwa uzito wake wote, na fimbo ikatoka na rundo la majani likamwangukia Melkizedeki mapajani. Jua likaingia. Akavuta ya pili. Alikuwa anasema peke yake, kwa Kinyaturu, maneno ambayo mke wa mtu mwenye heshima hayasemi, na kwa kila neno kamba moja ilikatika.

Kelele zilimleta Laurian mbio, na mgambo mmoja nyuma yake. Akamkuta mama yake mdogo, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, amesimama juu ya benchi, vumbi la majani limemjaa kichwani, fimbo nne kwapani. Akanyoosha mkono haraka.

"Mama mdogo, utaanguka. Lete nikupokee."

"Usinipokee," Dorika akasema. "Usinipokee tena mpaka nikuite. Hivi mlimpa baba yako mdogo nini cha kuamkia? Uji?"

Laurian akainua macho. Dorika aliona hasa pale alipoelewa, maana mkono wake uliokuwa umenyooshwa ulianza kushuka. Hakuwa amejua habari za fimbo. Banda aliwaagiza vijana, na vijana walifanya. Lakini kutojua kwake hakukumpunguzia Dorika hasira hata chembe, kwa kuwa mtu aliyekaa mwaka mzima ofisini, hatua chache kutoka bandani, angeweza kuinua kichwa mara moja akauliza wanatazama nini.

Akashuka. Akamwekea Gaspari fimbo mkononi. Vidole vyake vikapita juu ya mikato, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha akaiegemeza chini na kusimama. Ilimchukua muda mrefu, na Dorika alitoa jicho la namna ambayo hakuna mtu aliyethubutu kumsaidia.

Mbuzi walikuwa nyuma ya shamba la kijiji, mwendo ambao zamani Gaspari asingeuita mwendo. Walisimama mara tisa njiani. Mgambo alitaka kuwazuia, Laurian akamzuia mgambo. Yeye akafuata nyuma, na mara moja, kwenye korongo, akasema kwa sauti ndogo kwamba mzee atafia njiani.

"Na afie njiani," Dorika akasema bila kugeuka. "Njia ni yake. Benchi ni lako."

Kijana wa zamu siku hiyo alikuwa Alphonce, amelala chini ya mgunga, kofia usoni. Gaspari akasimama katikati ya mbuzi akipumua kwa shida. Akamshika jike mmoja sikio, akalipindua, akaona kupe wamejaa. Akamwinua mwingine mguu, akaona kwato zimepindana kwa kutotembezwa kwenye mawe. Akawapitia kwa macho akawahesabu. Shingo ikaanza kumvimba, na Dorika, aliyeishi na shingo ile miaka hamsini, akashika mdomo.

"Wewe," Gaspari akasema. Sauti ilitoka na kutu, lakini ilitoka. "Hawa mbuzi unawachunga au unawasindikiza? Yule mweusi mwenye pembe moja yuko wapi?"

Alphonce akaruka, akasema shikamoo babu, akasema hajui. Basi Gaspari akamkasirikia. Alimkasirikia kijana, akamkasirikia baba yake kijana, akamkasirikia Laurian mbele ya mgambo wake, akamkasirikia aliyefunga fimbo ya mtu kwenye paa. Akamkasirikia na Dorika kwa kuchelewa. Dorika aliketi juu ya jiwe akamsikiliza huku machozi yakimtoka wazi, maana hakuwa amesikia kitu kitamu hivyo tangu walipopanda lori.

Jioni Gaspari alirudi kwa miguu yake, akala, akalala, na alfajiri alikuwa amesimama mlangoni anauliza kwa nini watu wa nyumba hii wanalala mchana.

Wazee wanne wengine walichukua fimbo zao wiki hiyo. Melkizedeki hakuweza. Dorika alimpelekea yake nyumbani, akamwekea juu ya mapaja, naye akaishika, akajaribu kusimama mara mbili, akakaa. Alikufa siku ya Alhamisi akiwa ameishikilia. Ilibidi azikwe nayo hivyo hivyo, maana vidole havikufunguka.

Kaburini Laurian hakusema kwamba siku zilitimia. Alilia. Watu walipotawanyika akamfuata Dorika, akamwambia kwamba yeye aliwapenda wazee wale, Mungu ni shahidi.

"Najua uliwapenda," Dorika akasema. "Ungekuwa adui tungekukimbia mapema."

Akamwacha hapo. Akapita ghalani, akamwambia mlinzi amtolee jembe lake, na mlinzi alipoangalia ule uso hakuuliza kibali. Akalipeleka nyumbani begani, akachukua ndoo, akaenda kisimani, akaijaza hadi ukingoni.

Hatua ya arobaini Damari akatokea. Akapiga goti, akasema shikamoo bibi. Mkono wake ukaanza kuinuka, ukasimama, akaurudisha mgongoni akaushika kwa ule mwingine. Dorika akaitikia marahaba yote, mpaka mwisho. Kisha wakatembea pamoja hatua zote zilizobaki, maji yakimmwagikia bibi mabegani, na binti akiwa pembeni yake mikono mitupu.