Magoti ya Suruali

Kitu cha kwanza nilichokiona katika nyumba ile ni magoti ya suruali za Mzee. Suruali za watu wengine huchakaa matakoni au kwenye pindo. Zake zilichakaa magotini, kitambaa kikang'aa kama kimepakwa mafuta. Mimi ndiye niliyezifua, na nilipofika hapo nilipitisha sabuni taratibu, kwa heshima. Nilijiambia, huyu ni mtu wa Mungu kweli. Mama alinicheka.

"Magoti watu wanayaona, mwanangu. Fua na pindo."

Mama alikuwa mpishi wa pale kwa miaka kumi na tisa. Mimi nililetwa nilipoachia shule darasa la tano, nikawa wa kufua na kupiga pasi. Siongei sana, kwa hiyo dereva aliniita Bubu. Mzee alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kiti chake cha mbele na Biblia yake ya jalada la ngozi. Mkewe, Bi Mkubwa, aliongoza maombi ya akina mama.

Kila mwaka walifanya mfungo wa siku tatu nyumbani, na kanisa zima lilijua. Ijumaa alfajiri Mzee alitia kufuli langoni. Simu zote ziliwekwa kwenye kapu, zikafunikwa kitambaa cheupe, na kapu likafungiwa chumbani kwake. Hakuna kutoka wala kuingia mpaka Jumapili asubuhi. Alisema ni agano: lango likifunguliwa kabla ya wakati, maombi ya waumini wote yanamwagika. Waumini walikuwa wameleta shida zao zimeandikwa kwenye vikaratasi. Sisi watumishi tulifunga pia. Hakuna aliyetuuliza.

"Yesu aliwalisha watu mikate," dereva alisema Ijumaa ile, amekaa kwenye ngazi za jikoni. "Sisi tunalishwa aya. Mpishi, hata ukoko huna?"

"Ukoko utoke wapi, na sufuria zimelala kifudifudi?"

Mama alicheka, kisha kicheko kikakatika. Akashika tumbo, chini, upande wa kulia.

Kufikia saa sita mchana alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kabati la vyombo, anatapika maji ya kijani. Nilimwita Bi Mkubwa. Alikuja na gauni lake jeupe, akasimama mlangoni, akatabasamu.

"Usiogope, dada yangu. Huo ni mwili unapigana na roho. Mimi mwaka wa kwanza tumbo liliniuma mpaka nikalia."

"Hii si njaa, Bi Mkubwa," Mama alisema. "Njaa naijua."

"Basi ni adui. Hapo hapo ndipo mtu anapovuka."

Dereva alienda sebuleni, kofia mkononi. Mimi nilisimama nyuma yake.

"Mzee, gari lina mafuta. Hospitali ni dakika kumi. Nampeleka, narudi kabla hamjamaliza zaburi."

Mzee hakukasirika. Sijawahi kumwona amekasirika. "Kijana wangu, watu mia mbili wamenikabidhi mizigo yao. Niimwage yote kwa ajili ya tumbo moja?"

"Ni mtu, Mzee."

"Na Mungu hamwoni? Tutamwekea mikono. Ila wewe sikuzuii. Ruka ukuta uende. Usirudi tu."

Dereva ana watoto wanne. Alienda akakaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, akitazama lango.

Mzee aliniambia na mimi niandike kikaratasi, kama wengine. Niliandika: Mama yangu. Tumbo. Tunaomba hospitali. Nikakikunja mara nne. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitia mfukoni, akasema atakiweka mbele za Bwana yeye mwenyewe. Kisha wakaja jikoni kumwekea Mama mikono. Mkono wa Bi Mkubwa ulinukia losheni. Walipomaliza, Mama alisema amina, kwa sababu alilelewa vizuri.

Jumamosi asubuhi tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Mimi nilifua. Nguo za wenye nyumba hazijui mgonjwa. Katika mfuko wa suruali ya kijivu ya Mzee, aliyoivaa jana yake, nilikuta kikaratasi changu. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, vile vile nilivyokikunja. Nilianika. Pale penye kamba ya nguo, ukiinua kichwa, unaona tangi la maji la hospitali, la bluu, juu ya mapaa ya watu.

Saa nne hivi maumivu yaliisha ghafla. Mama alifumbua macho akasema, "Limeachia." Bi Mkubwa alipiga kigelegele. Wote waliteremka jikoni, wakaimba, na Mzee akalia machozi ya kweli, yakidondoka kwenye tai.

"Mmeona?" alisema. "Mngefungua lango, mngeona hili?"

Hata dereva aliinamisha kichwa.

Mchana Mama akawaka moto. Alianza kuongea na sufuria, akiziambia zisiungue. Nilimpangusa kwa kitambaa cha maji. Dereva aliingia ameshika chuma cha kufungulia matairi.

"Bubu, navunja kufuli. Liwalo na liwe."

Mama alikuwa amelala chini. Alinyoosha mkono akamshika pindo la suruali.

"Usivunje, baba. Ukivunja, huyu mtoto atafanya kazi wapi? Jumapili si kesho tu?"

Dereva alinitazama. Alisubiri niseme neno. Chuma kilimshuka mkononi chenyewe, kikagusa sakafu.

Mama alikufa Jumapili, jua limeshatoka, kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa. Mzee alikuwa amevaa suruali ya kijivu, niliyoinyoosha mwenyewe jana yake jioni. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua lango kwa wakati wake, na agano likatimia.

Siwezi kusema walimtupa. Walimpa jeneza zuri na kwaya nzima. Kanisani Mzee alisimama mbele kushuhudia. Alisema mjakazi wa nyumbani mwake amekwenda kwa Bwana akiwa kwenye mfungo, tumbo tupu, midomo safi. Ni wangapi kati yetu watapata kifo kama hicho? Watu walipiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu aliniminya bega akasema, "Hongera, mwanangu." Nilisema asante.

Tuliporudi kutoka makaburini, Bi Mkubwa alinivalisha aproni ya Mama, akanifunga kamba kwa nyuma kama mtoto wa shule.

"Kuanzia kesho jiko ni lako. Unaona Mungu asivyomwacha yatima?"

Dereva aliacha kazi mwezi ule ule. Aliniambia tuondoke wote, nikatikisa kichwa. Ningeenda wapi? Napika, na bado nafua. Mwaka huu mfungo umekaribia, Mzee ameshatangaza. Suruali ya kijivu imetoboka goti la kushoto. Bi Mkubwa amesema nisiweke kiraka, waache watu waone.

Liko jambo moja ambalo sijamwambia mtu, hata dereva. Jumamosi ile, katika mfuko wa suruali, kikaratasi hakikuwa peke yake. Chini yake palikuwa na ufunguo wa lango. Mzee alikuwa ameusahau. Nani angeuhitaji kabla ya Jumapili? Niliutia kwenye aproni yangu, na jioni nikaurudisha alikouacha. Kutwa nzima nilikuwa nao. Mama aliposema limeachia, nilikuwa nao. Dereva alipoinua chuma akanitazama, ulikuwa unanichoma paja. Nilikwenda mara mbili mpaka mlango wa sebule kuomba ruhusa. Walikuwa wamepiga magoti, macho wamefumba, na tangu utoto nimefundishwa kwamba mtu akiomba hakatizwi. Nilisimama pale, ufunguo mkononi, nikisubiri waseme amina.