Mzee wa Ukurasa wa Mbele

"Haitembei," alisema Daktari, akiisukuma simu juu ya meza. "Tovuti ya mwenzangu ukiigusa tu inatembea. Yako imelala kama kaburi."

Fundi aliitazama tovuti aliyoijenga kwa mikono yake. Nje ya mlango, kwenye benchi la kliniki, baba yake alikaa mikono magotini, uso ameuelekeza dirishani, kwenye mwanga. Macho yote mawili yalikuwa na utando mweupe kama maziwa. Mapatano yalikuwa ya mdomo: tovuti ya kliniki ikikamilika, mzee anapasuliwa macho bila malipo.

Ikikamilika. Neno hilo lilikuwa na miguu. Kwanza Daktari alitaka kurasa za kawaida. Zilipoisha, akataka wagonjwa wapange miadi humo humo. Walipopanga, rangi zikawa za kizamani. Kila ujuzi Fundi aliojifunza ulichakaa kabla haujamkaa mkononi.

"Itatembea, Daktari. Lakini mzee wangu… jicho la kushoto sasa halioni hata kivuli."

"Kwani mimi nimekataa? Maliza kazi, binti. Macho si tovuti, hayataki pupa."

Kitu kimoja tu Daktari hakuwahi kukilalamikia: picha ya ukurasa wa mbele. Fundi aliiweka siku za majaribio, kuziba pengo tu, kama mafundi wenzake wanavyoziba kwa chochote kilicho karibu. Ilikuwa ya baba yake akicheka, na chini yake maneno aliyoyabuni mwenyewe: *Nilikuwa sioni. Leo nauona uso wa binti yangu.* Alipotaka kuiondoa, Daktari alimzuia. "Huyo asiguswe. Huyo ndiye anayewaleta watu."

Juma lililofuata alirudi na baba yake, na tovuti inayotembea. Daktari hakuifungua.

"Umechelewa. Mpwa wangu ameiagiza akili bandia iijenge. Chai haijapoa, tovuti tayari." Akageuza kompyuta. Ilitembea, ilimeta, ilijibu maswali ya wagonjwa yenyewe.

"Na mapatano yetu?"

"Tulisema yako ikikamilika." Daktari aliinua mabega. "Imekamilika?"

"Nimeikamilisha mara nne!"

"Punguza sauti. Hapa kuna wagonjwa."

Fundi alitazama kioo cha kompyuta tena. Kila alichokijenga kilikuwa kimefutwa, isipokuwa mzee, katikati ya ukurasa mpya, akicheka.

"Picha ya baba yangu itoe."

"Nitamwambia mpwa," alisema Daktari, akibonyeza kengele. "Anayefuata!"

Fundi alipotoka nje, mama mmoja mwenye simu mkononi alikuwa amesimama mbele ya benchi, uso umemchangamka.

"Mzee! Si wewe huyu? Wewe ndiye uliyenileta hapa. Hongera, baba, hongera kwa kupona!" Akamnyooshea mkono.

Mzee aliinuka kwa adabu, akanyoosha wake pembeni, hewani, akausubiri.

"Mwanangu," aliuliza, "nani huyo? Na nimepona nini?"