Maneno Yaliyoshikwa na Grisi

Jumamosi asubuhi Mkereza alipitisha kidole juu ya pia ya shaba aliyokuwa akiichonga, akakuta mawimbi mahali palipopaswa kuwa laini kama yai. Akaushika mhimili wa mashine yake ndogo ya kukereza, akausukuma huku na huku. Ukacheza. Beringi zilikuwa zimekwisha.

Jirani yake, mama mshona mapazia, alikuwa amelalamika mpaka amechoka kwamba mashine ile inasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Mkereza hakuwa na habari. Masikio yake yaliishia kiwandani, kwenye mashine kubwa, alipokuwa bado na nguvu zake. Hii ndogo aliiweka katika chumba cha uani ajifurahishe nayo jioni, na alipostaafu akahamia kwayo mchana kutwa.

Akamwita binti yake, fundi baiskeli, mtu aliyekulia kwenye gololi na grisi.

"Baba, hizi umeziacha mpaka zinalia," binti alisema, akimgeukia ili mzee asome midomo yake.

"Zinalia? Mimi ningejuaje?"

Wakacheka. Wakatoa mkanda, wakafungua kishikio chenye taya, wakalegeza nati ya nyuma. Binti akaweka kipande cha mbao kwenye ncha ya mhimili na kuugonga kwa nyundo, pole pole, mpaka ukatoka pamoja na beringi ya mbele, nyeusi tii. Akaivuta, akaizungusha kwa kidole apime ubovu wake.

"Chai inapoa," ikasema beringi, kwa sauti ya marehemu mama yake.

Binti akaifuta kwa kitambaa. Grisi hushika kila kitu: vumbi, chembe za chuma, nywele. Na maneno anayosemewa kiziwi mgongoni, yangekwenda wapi?

"Shoga, ni wewe?" mshona mapazia akaita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Habari za huko?"

"Nzuri, mama!" binti akajibu kwa niaba ya marehemu.

Akaiweka beringi nyuma ya sikio la baba yake, kwenye mfupa, akaizungusha. Mzee akakaa kwenye stuli. Alimsikia mkewe akilalamikia kuni mbichi, akiimba, akimwita kwa jina la utani ambalo alidhani lilikufa na ujana wao. Machozi yalimtoka, naye akayaacha yatoke. Kisha ikaja sauti ya msichana: "Baba, nikimaliza shule nataka ufundi. Mama anataka niwe karani. Nisemee."

Mkereza akafikiri kidogo.

"Ruhusa umepata," akasema. "Mama yako niachie mimi."

Binti, ambaye alikuwa na karakana yake na mafundi chini yake, akashukuru.

Beringi ya nyuma ilikuwa kaidi, ikatoka kwa bolti ndefu na jasho. Nayo ilikuwa na neno moja tu, lililosemwa kwa uchovu. "Leo nimekwenda kiwandani kudai fidia ya masikio yako, baba watoto. Wameshikilia kuwa ulikuja kwao ukiwa kiziwi tangu tumboni mwa mama yako. Nikawauliza, mimi alinitongoza kwa ishara? Wakacheka, wakafunga dirisha. Usoni siwezi kukuambia. Nakuambia mgongoni."

Mkereza aliomba irudiwe. Ikarudiwa.

Jumatatu wakaenda kiwandani na beringi ile kwenye kitambaa. Afisa wa dirishani aliiweka nyuma ya sikio lake, akaizungusha kama inavyotakiwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni yeye," alisema. "Namkumbuka vizuri, alinisumbua sana. Lakini sauti haina muhuri."

Akawarudishia, akafunga dirisha. Langoni zamu ilikuwa inatoka, masikio wazi bila vizibo, wakizungumza kwa kupayuka, na kila aliyeambiwa jambo akijibu, "Eeh?"

Nyumbani Mkereza alinawa mikono. Walizipasha beringi mpya ndani ya mafuta ya moto zipanuke, zikaingia kwenye mhimili bila ugomvi. Binti akakaza nati mpaka mchezo ukaisha, akailegeza kidogo zisije zikabanwa, akajaza grisi safi. Mkereza akawasha, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mashine. Kilitulia kama mtoto aliyeshiba. Shaba ikaanza kutoka nyembamba, ndefu, ikijikunja, na ile pia ikang'aa.

Binti alimgusa bega, akamwambia usoni habari aliyokuwa ameichelewesha: angekuwa babu kabla ya mwaka kwisha. Mzee akamkumbatia na mikono yake ya mafuta, akaiharibu blauzi.

Kisha akamgeuzia mgongo, akarudi kwenye pia yake.

"Sema tena," akasema. "Nataka niwe nayo kwa sauti yako. Na usinong'one, grisi ni mpya."

Binti akasogea karibu na mashine, akasema tena. Akaeleza na jinsi alivyogundua, na jinsi mumewe alivyodondosha sufuria, na majina waliyokuwa wakibishania. Beringi nzuri hudumu miaka mingi, na Mkereza alikusudia kuingoja siku ya kuzitoa.

"Umemaliza?" akauliza bila kugeuka.

Binti akamgonga begani mara moja, maana yake bado.

"Basi sizimi."