Supu ya Robi

Wegesa ni bibi mwenye ng'ombe wengi na roho ndogo kuliko punje ya ulezi. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akafanya wanavyofanya wanawake wa Kikurya wenye uwezo: akatoa mahari, akamwoa msichana aitwaye Boke, aje azae na mwanamume watoto wa kuitwa kwa jina la Wegesa. Boke akazaa mtoto mmoja, wa kike, Robi. Baada yake mimba zikawa zinaharibika, na tangu hapo Wegesa hakumwita tena Boke kwa jina. Alimwita "huyu".

Hapa Nkende wote tulijua bibi anataka kumrudisha Boke kwao. Mtoto angebaki, maana ng'ombe walishatoka na mtoto ni wa mji ule. Kilichomzuia ni tumbo la Robi. Mtoto yule alikataa uji, akakataa ugali, akakataa hata maziwa. Alikunywa supu ya nyanya tu, tena iliyopikwa na mama yake. Wegesa alijaribu kuipika mwenyewe. Robi akaitema na kulia mpaka sauti ikamkauka. Boke alijua supu ile ndiyo inayomweka pale.

Kisha akaletwa Mokami, binti kutoka Nyangoto. Bibi akasema ni wa kusaidia kazi. Ghafla akaanza kumwita Boke "mwanangu", akamnunulia na kitenge. Boke, maskini, akaamini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alituambia huku akicheka. Nilitamani kumzaba kofi. Lakini mtu aliyenyimwa neno jema siku zote, ukimpa moja tu atakuonyesha hadi anapoficha ufunguo.

Siku moja bibi akamwambia, "Mwanangu, mfundishe mwenzako supu ya mtoto, ukiugua tusiteseke."

Boke akafundisha, Wegesa akiwa ameketi pembeni. Nyanya ziwe zimeiva sana, zikwaruzwe, maganda yatupwe. Kitunguu kikaangwe kilainike tu, kisibadilike rangi. Nyanya zichemke upesi, chumvi kidogo. Halafu sufuria iteremshwe, ipoe, ndipo maziwa yatiwe, kwa sababu yakiwekwa motoni yanakatika na Robi hali mabonge. Hapo ndipo bibi alipokuwa anakosea. Boke akaongeza ambalo hakuulizwa: mtoto anyweshwe kwa kikombe cha bati, huku ameshikwa sikio, ndivyo anavyotulia.

Kesho yake Mokami akapika, akamnywesha Robi, na Robi akamaliza. Wegesa alichungulia ndani ya kikombe kuhakikisha.

"Sasa nenda kwenu," akamwambia Boke. "Kitenge chukua."

Boke akapiga magoti, akamshika miguu. Bibi akaivuta polepole, kama anayeitoa kwenye tope, akaingia ndani.

Boke alitembea taratibu sana kuelekea langoni. Mimi nilikuwa nje kwangu, akaniambia, "Atalia, dada. Akilia sana wataniita."

Na Robi akalia kweli. Alilia mtaa mzima ukasikia, akimwita mama. Boke akaweka mzigo chini, akageuka, akangoja. Uso wake ulikuwa na matumaini, Mungu amsamehe.

Mokami akatoka na kikombe cha bati. Akamkalisha mtoto pajani, akamshika sikio.

Robi akanyamaza, akanywa.