Mtoto Anaishi na Bibi

Mimi, Mapenzi wa Munje, katika miaka yangu sabini na moja sijawahi kusema uongo mahakamani hata mara moja. Nataka hilo lijulikane kwanza. Na ijulikane pia kwamba mahakamani nimeingia siku moja tu, Jumanne moja ya mwaka jana, na siku hiyo uongo nilikwenda nao, nimeukariri kama mtoto wa chuo anavyokariri sura fupi. Basi tu haukutoka vile ulivyoingia.

Uongo wenyewe aliutengeneza mwanangu Waziri, kitinda mimba wangu, dereva wa tuktuk pale Ukunda. Siwezi hata kusema alibadilishwa hospitalini, maana nilimzalia nyumbani.

Waziri alimwoa Hanifa wa Mwabungo, wakakaa miaka sita, wakaachana. Waliachana kwa adabu. Wazee walikaa, chai ikanywewa, na mtoto wao wa pekee, Fauzia, akabaki kwa mama yake. Hanifa ni mpishi katika shule ya msingi, kwa hiyo akienda kazini alikwenda na mtoto, akirudi alirudi naye. Baba angemchukua Jumamosi na sikukuu. Hakuna aliyeandika chochote. Tuliaminiana, ujinga wetu ndio huo.

Mwaka haukuisha, Waziri akaoa msichana wa Ukunda, jina lake Chiku, naye akapata mimba upesi. Idd ilipofika, Waziri akaenda Mwabungo kumwomba Fauzia kwa siku mbili, akale pilau na ndugu zake. Siku mbili hizo zikawa miezi mitano.

Kisa chake kilikuwa nini? Hanifa alisema mbele ya madereva wenzake Waziri kwamba tangu waachane anapata usingizi mzuri. Hilo tu. Madereva walicheka, na kicheko kile akakilipa mtoto wa miaka saba.

Hanifa alimfuata Ukunda, akaambiwa mtoto hayupo. Akapiga simu, ikakatwa. Akaja kwangu Munje. Alivua viatu mlangoni kama alivyokuwa akivua siku zote, akaniamkia shikamoo, akakaa mkekani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Fauzia yuko kwangu. Nikamwambia hayuko, lakini afanye subira, mwanamume hasira zake hupoa. Kisha nikamfungia mihogo aende nayo. Mwanamke amenyang'anywa mtoto, mimi nampa mihogo. Hadi leo nikishika kisu kumenya muhogo, najisonya mwenyewe.

Kwa Waziri mimi nilisema, msidhani nilinyamaza. Aliniambia mtoto ni wa baba. Nikamuuliza ile miezi tisa alimbeba wapi, kwenye buti ya tuktuk? Akasema ndivyo dini inavyosema. Nikampeleka kwa Ustadhi Alamin, naye akamweleza waziwazi kwamba malezi ya mtoto mdogo, wenyewe wanaita hadhana, ni haki ya mama maadamu hajaolewa na mwingine, na baba kazi yake ni kulisha na kuvisha na kumtembelea mwanawe. Waziri akamshukuru ustadhi kwa heshima sana. Tangu siku hiyo akabadilisha msikiti.

Hanifa naye akachoka kusubiri. Akaenda mahakamani.

Jumatatu moja Waziri akaja kwangu na leso mpya na kilo mbili za sukari. Nikajua pana jambo. Mwanangu akiwa hana shida huja mikono mitupu. Akakaa, akasifu ukuta wangu, akasifu kuku wangu, ndipo akasema.

"Mama, Alhamisi atakuja afisa wa watoto hapa. Anataka kuona mahali anapolala Fauzia."

"Kwani Fauzia analala hapa?"

"Kwenye karatasi, ndiyo."

Nikamwambia anieleze polepole, mimi nimesoma hadi darasa la saba tu. Akanieleza akitabasamu, kama mtu anayesimulia namna alivyomfunga mwenziwe bao. Mahakama ilimpeleka kwa afisa aitwaye Japheth, na Japheth alikuwa na fomu ya kujaza.

"Akaniuliza mtoto anaishi na nani. Nikamwambia anaishi na bibi. Sasa mama, Fauzia si anaishi na Chiku? Na Chiku si bibi yangu? Yule ni mtu wa bara, akaandika nyanya. Mimi nimesema uongo wapi?"

Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka, kwa kuwa mzaha naupenda, na huo ulikuwa umetengenezwa kwetu hasa. Sisi bibi ni mke na bibi ni nyanya, na hatuchanganyikiwi, tunamtazama tu anayesema ni nani na anamsema nani. Mtu wa bara atatazama nini?

Nilipomaliza kucheka nikamwambia siwezi. Akasema nikikataa atafungwa. Akasema ni siku moja tu, na atamleta Fauzia nimuone. Hapo ndipo aliponipata. Mjukuu wangu sikuwa nimemtia machoni tangu Idd. Nikaichukua ile sukari.

Jumatano akamleta, pamoja na godoro dogo, daftari mbili, na sare ya shule ambayo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka. Akapigilia msumari, akaitundika. Fauzia alikuwa amekonda na amerefuka. Aliniamkia vizuri, akasimama kidogo, kisha akaniuliza choo kiko upande gani, maana cha zamani kilibomoka kwenye mvua nami nikachimba kingine. Mtoto niliyemlea miezi mitano, hajui choo kilipo.

Alhamisi Japheth akafika, kijana mstaarabu, amebana faili kwapani. Akasema, "Habari yako nyanya, mimi nacheki tu mahali mtoto analala." Shikamoo hakutoa, na simlaumu, kwao hawakufundishwa. Akatazama godoro, akatazama sare, akaandika. Akaniuliza mtoto anakula nini, nikamwambia anakula ninachokula mimi. Akauliza kama ananisumbua, nikamwambia hajanisumbua hata siku moja, na hilo lilikuwa kweli kabisa, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa moja. Akauliza, "Kwa hivyo wewe ndiye bibi?" Nikamwambia bibi ndiye mimi. Ona mama na mwana tulivyofanana.

Kabla ya kuondoka alifunga faili akazungumza nasi sote wawili, mimi na Waziri. Alisema sheria ya siku hizi haiulizi mtoto ni wa nani, kama mbuzi aliyepotea. Baba na mama wana haki sawa na wajibu sawa, hata wakiachana, hata wasipoamkiana. Hakuna ruhusa ya mmoja kumficha mtoto ili mwenziwe aumie. Kinachotazamwa kwanza ni mtoto anahitaji nini. Waziri alikuwa akitikisa kichwa kukubali, utadhani sheria hiyo aliiandika yeye mwenyewe akiwa kwenye foleni ya abiria.

Japheth akaenda zake, na Waziri akamsindikiza hadi barabarani. Mimi na Fauzia tukakaa ukumbini kuambua pojo. Mikono yake ilikuwa myepesi, kazi ile aliijua. Akaambua kidogo, akanitazama.

"Bibi, Saudia ni mbali kuliko Msambweni?"

"Mbali sana. Nani yuko Saudia?"

"Mama. Baba amesema amekwenda kufanya kazi, atarudi nikiwa mkubwa. Mimi nimekuwa mkubwa kidogo?"

Ungo uliniponyoka, pojo zikatapakaa sakafuni, kuku wakaingia. Sikuwafukuza.

Kutoka nyumba ya Chiku hadi Mwabungo tuktuk haimalizi nyimbo tatu za redio. Nikamuuliza shule. Akasema haendi, baba amesema cheti cha kuzaliwa kiko kwa mama, Saudia. Anakaa nyumbani na mtoto mchanga, maana anti Chiku hukaanga viazi karai pale kibandani. Nikauliza kama anti anampiga. Akasema hapana, anti hapigi, anti anachoka tu, na siku nyingine wanalia wote watatu.

Nimezika mume, nimezika watoto wawili, na sijui kama siku hizo niliwaka moto kama nilivyowaka nikiwa nimekaa mbele ya ungo ule. Mtoto aliyefiwa na mama hulia, na watu humwendea wakampa pole. Huyu mama yake yu hai, kila siku anakoroga uji wa watoto wa watu, anawapakulia mmoja mmoja, na wake wa kumzaa anaokota pojo akipiga hesabu ya Saudia. Na hakuna aliyempa pole, kwa sababu hakuna aliyekufa. Na haya yote kwa nini? Kwa kuwa madereva wanne walicheka. Mwanamume huyo anamtaka mtoto? Angemtaka angejua yuko darasa la ngapi. Alimtaka kama mtu anavyong'ang'ania kiti alichokiacha mwenyewe, alimradi mwingine asikikalie.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimeuza Alhamisi yangu kwa kilo mbili za sukari.

Nilitaka nimshike mkono twende Mwabungo saa hiyo hiyo. Lakini tuktuk ya Waziri ilisharudi mlangoni. Akambeba mtoto, akabeba sare, akang'oa hata msumari wake. Akaniomba Jumanne nije mahakamani kusema yale yale mbele ya hakimu. Nikamwambia nitakuja, mwanangu, na nitasema yale yale. Alifurahi akanibusu mkono. Hanifa sikumpigia simu. Nilimwonea haya.

Jumanne Waziri alikuja kunichukua mwenyewe. Njia nzima alinikaririsha: mtoto anaishi na bibi, anakula vizuri, analala vizuri. Fauzia alikuwa ameketi kando yangu, ndani ya ile sare. Tulipofika, mama mmoja wa ofisi ya watoto akampeleka chumba kingine akachore picha, nasi tukaingia ndani. Kilikuwa chumba kidogo, hakina watazamaji. Hanifa alikuwa amekaa upande wa pili. Aliinuka kidogo, akaniamkia shikamoo kwa mdomo bila sauti. Ningependa zaidi angenitukana.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, Kiswahili chake cha huku kwetu. Karani akaisoma ripoti kwa Kiswahili. Ilisema mtoto analelewa na nyanya yake mzaa baba, mama mcheshi na mwenye upendo, nyumba safi. Nasema kweli, palipotajwa upendo nilijiweka sawa leso. Halafu hakimu akasema jambo moja nikalisikia vizuri. Alisema ikiwa ripoti hii ni ya kweli, mtoto abaki kwa nyanya yake hadi kesi iishe, mama aruhusiwe kumtembelea. Ikiwa si ya kweli, mtoto atarudi kwa mama yake leo hii, na baba atamwona kwa siku zitakazopangwa na kuandikwa.

Nikaitwa. Nikaletewa Msahafu, nikaapa. Waziri alinitazama kwa upole, akakunja mikono.

Hakimu akaniuliza, "Mama, mtoto Fauzia anaishi na nani?"

"Anaishi na bibi, mheshimiwa."

Waziri akatabasamu. Japheth akatikisa kichwa kukubali. Hanifa akainamisha uso.

"Yaani anaishi na wewe."

"Mimi ni bibi wa Munje, mheshimiwa. Yeye anaishi na bibi wa Ukunda."

Hakimu akaweka kalamu chini. Mtu wa kwetu ukimtajia mabibi wawili, masikio humsimama. Akamgeukia Waziri, akamuuliza huyo bibi wa Ukunda ni bibi yupi. Waziri aliinuka upesi sana, na nadhani kama angepewa hata muda wa kupiga chafya angepata jibu lenye akili. Hakupewa.

"Ni nyanya yangu, mheshimiwa. Mama yake huyu mama."

"Mama yake anakaa Ukunda?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndiye anayemtunza mtoto siku nyingine."

Hakimu akanirudia mimi. Akaniuliza kama ni kweli, mama yangu mzazi yuko Ukunda. Nikamwambia mama yangu yuko Munje, nyuma ya msikiti, kaburi la tatu ukitoka ukutani, na kesho akiamka nitafurahi sana kumwona. Karani akaziba mdomo kwa faili.

"Na huyo bibi wa Ukunda, mama, wewe unamjua?"

"Namjua, mheshimiwa. Mjukuu wangu ndiye anayemlelea mtoto bibi huyo akienda kukaanga viazi, ndiyo sababu hapati nafasi ya kwenda shule. Bibi huyo hana makosa, amejifungua juzi juzi tu. Bado ananyonyesha."

Hanifa aliinua uso. Japheth alikuwa akifunua kurasa za faili lake moja baada ya nyingine, akitafuta neno nyanya kila alipoliandika. Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bwana Waziri," akasema, "huyu nyanya yako anayenyonyesha ni nani?"

Waziri akanitazama mimi, macho yale yale aliyokuwa akinitazama nayo akiwa na miaka mitano, mkebe uko wazi nyuma yake, sukari imemjaa mdomoni, akiniambia hajaigusa.