Vidole Visivyosomeka

...tegeni masikio basi, enyi mlioketi na mliosimama, mlio mbele karibu na kioo na mlio nyuma kabisa mlangoni, maana neno linapita katikati yenu wala halitapiga hodi mara mbili, ndivyo baba yake mdogo alivyozoea kuanza mahubiri, mwashi siku za kazi na mhubiri siku ya ibada, na sauti hiyo ya marehemu ndiyo iliyomjia mhandisi pale aliposimama nyuma ya kiti cha karani, katika ukumbi wa huduma wa wakala wa mifumo ya serikali, mahali alipoteremkia kuazima waya wa projekta tu, waya tu, akamkuta mama yake mdogo, mjane wa mhubiri huyo, dirishani amekandamiza kidole juu ya kioo kidogo cha kusomea alama za vidole, chenye mwanga wa kijani, na kile kiduara kwenye skrini kinazunguka, kinazunguka... “Bonyeza vizuri, mama,” karani alikuwa akisema, “au kidole hiki umekipiga pasi?” na foleni ikacheka, naye mama mdogo akacheka pamoja nao, alikuwa amekwisha kumwona mhandisi, macho yao yaligongana mara moja kisha akayahamisha, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha tangu utotoni kwamba mtu akiwa kazini haitwi kwa jina la nyumbani, ee Mama, hata leo, hata hapa?... “Paka mafuta kidogo.” “Nimepaka.” “Basi jaribu cha kushoto.” “Hicho ndicho cha kushoto, mwanangu.” “Kisugue kwenye nywele, bibi!” mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na mwingine, “Kwani bibi ulikuwa jambazi, ukafuta alama?” naye bila kugeuka, “Jambazi wa sabuni, babu, nimeiba uchafu wa watu maisha yangu yote,” wakacheka tena, lakini mhandisi hakucheka, aliviona vile vidole, vilivyofua mashuka ya nyumba za wageni kwa magadi mpaka ngozi ikawa laini kama kaure, vilivyomlea yeye yatima wa dada yake, vikamsomesha, naye aliyesomeshwa akapanda ghorofani akakaa na wenzake mezani, wakakijaribu kioo hiki kwa vidole vyao wenyewe, vidole vya kalamu na vya kibodi, kikawasoma wote, wakakitazama wakaona ni chema, wakapumzika, wala hapana aliyesema tumwite mfuaji mmoja, mvunja kokoto mmoja, mwashi mmoja... na bila kioo kukubali hospitali haimpi mtu dawa ya moyo, hilo anayelijua kuliko wote ni yeye, maana ndiye aliyeiunganisha hospitali na mfumo, na dawa hiyo mama mdogo hawezi kuikosa akaishi...

“Hata mzee wangu mlimrudisha hivi hivi,” mama mdogo alimwambia karani, pasipo hasira, kama asemaye mvua ilinyesha jana, “saruji ilimla alama zote. Akasema basi mke wangu, twende nyumbani, hawa hawanijui,” na mhandisi akahisi sakafu ikiinama, kwa kuwa siku ya maziko aliambiwa mzee ameikataa hospitali, ukaidi wake ule, mnamjua, akaamini, akamkasirikia maiti, akasimama ukingoni mwa kaburi amevaa suti akawaambia waombolezaji kwamba kazi ya Mungu haina makosa, naam, haina, lakini ile haikuwa kazi ya Mungu, ilikuwa kazi yangu, nami nilimtwika Mwenyezi kosa la kioo, na mjane alikuwa amekaa pale mkekani, anajua, akanyamaza ili nisiaibike... na kule juu ukumbi umejaa, mkurugenzi anangoja, na katika maelezo aliyoyaandaa mhandisi kuwaonyesha kila aliyekataliwa na mfumo amehesabiwa mdanganyifu aliyezuiwa, mstari mwekundu wa chati unapanda, watapiga makofi, na ndani ya mstari ule amelala baba mdogo, mtu aliyewahi kubomoa ukuta wake mwenyewe kwa kuwa mchanga ulizidi, mtu wa mizani ya haki, ameandikwa mwizi wa dawa... “Mkuu,” karani alinong'ona, “weka kidole chako cha msimamizi tumpitishe, bibi huyu anatutia huruma, kila siku ya kliniki yuko hapa,” na mkono wa mhandisi ukaanza kuinuka wenyewe, rahisi hivyo, kidole kimoja cha kibodi na mama yake ataishi, ndiyo, apite, mgonjwa hangoji hotuba, lakini nyuma ya mama mdogo, katika foleni, macho yakaona mikono, mkono uliopasuka kwa chokaa, mkono wenye kovu la moto wa tanuri, mkono wa mzee umeshika fimbo, na nani atawashukia hawa, wana mtoto gani ghorofani?... Yule aliyetuchora viganjani mwake hatuulizi alama, anatutambua kwa majeraha... na kiduara bado kinazunguka, kidole bado kiko kiooni, mama mdogo bado anatabasamu kwa heshima... basi wewe mtu, wewe uliyejifanya kipimo cha wengine, usijifariji kwa machozi, machozi hayafungui dirisha, mpitishe mama yako kisha uuache waya huo, upande ukasimame mbele ya hao wanaosubiri kupiga makofi, useme hawa si wadanganyifu, ni sisi tusiowajua, ukalitaje na jina la aliyekufa, hata wakikuvua cheo, na ninyi nyote mnaokaa juu ya watu msiowagusa mikono, shukeni, washikeni, mgeuke leo, kabla hamjamrudisha mwingine nyumbani kufa.